Chakula Kikavu cha Jenerali

Katika maziko ya Daktari Obbo kule Mwello, mwezi uliopita, kila aliyesimama kusema alisema juu ya ng'ombe. Mmoja alisimulia jinsi daktari alivyomzalisha ng'ombe wake mvua ikinyesha, mkono mzima ukiwa ndani. Mwingine alikumbuka mbuzi wa mahari waliookolewa asubuhi ileile ya kupelekwa ukweni. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya turubai pamoja na wenzangu tuliotoka Masafu, sahani ya wali mapajani, nikingoja mtu ataje paka. Hakuna aliyemtaja, na sikushangaa. Kwetu paka hana daktari. Hula anachookota, akiugua hujificha, na siku moja unagundua kwamba hujamwona muda mrefu. Lakini mimi nilimjua Daktari Obbo kwa sababu ya paka, na mwaka niliomjua ndio mwaka ulionifundisha woga. Sisemi woga wa nyoka au wa radi, ambao ukishapita unaucheka. Nasema woga unaoamka nao, unaokaa nao mezani, unaokusikiliza ukipumua. Wakati watu wanaimba kule kaburini, nilijikuta nimerudi katika jiko la Mama Athieno, nimepiga magoti sakafuni, nikihesabu punje za chakula ndani ya bakuli.

Nilikuwa mwalimu wa chekechea mjini Tororo, mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, na nilipanga chumba cha uani kwa Mama Athieno. Alikuwa mjane, mpiga chapa mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye ugonjwa wa sukari aliyekata kucha zake fupi kama bado kuna mashine inamngojea. Dirisha la jiko lake lilitazama mwamba wa Tororo, ule mlima wa jiwe ulio juu ya mji, na mwamba ulijaza dirisha lote, hata ukiwa unaosha vyombo ulikuwa kama unaosha mbele ya mtu mzima aliyesimama. Sebule ilikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, redio juu ya kabati, na paka wawili. Jike aliitwa Sista, mweusi mwenye kifua cheupe kama mtawa. Dume aliitwa Jenerali. Huyo alikuwa wa rangi ya chungwa, mnene, mzito wa kutembea, na alipanda kiti bila kuomba nafasi. Alikuwa ameletwa na Owor, mtoto pekee wa mama, dereva wa trela wa safari za Mombasa na Kampala, paka akiwa bado mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia. Jenerali alikula dagaa wakavu na chumvi yao, vichwa vya samaki wa kukaanga, na posho, yaani ugali wa mahindi, iliyopoa. Mama alimpa kwa mkono wake, na mara nyingi kabla hajajipakulia mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, asubuhi, natafuta viatu vyangu niende shule, mama akagonga mlango. "Mwalimu, kuja uone," alisema. "Hii paka nalia." Katika Kiswahili cha kwao "analia" hutamkwa "nalia". Jenerali alikuwa amechuchumaa penye majivu nyuma ya jiko, anajikaza, anasogea hatua, anachuchumaa tena, na hakuna kilichotoka. Sauti aliyotoa haikuwa ya paka. Ilikuwa ya chini, ndefu, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Mama alimpigia simu daktari wa mifugo, na Daktari Obbo akaja kwa pikipiki, buti za mpira bado zina samadi. "Mimi ni mtu wa ng'ombe," alituambia mapema, ili tusimtarajie sana. Alimbonyeza tumbo, uso wake ukabadilika. Tulimlaza juu ya meza ya kulia chakula, mimi nikashika miguu ya nyuma, mama akashika kichwa, na daktari akampitishia kwenye njia ya mkojo mrija mwembamba wa mpira niliodhani hauwezi kuingia popote. Mkojo ulipotoka ulikuwa na damu na kitu kama mchanga. "Kibofu kilikuwa kigumu kama jiwe," daktari alisema akinawa mikono. "Mngengoja mpaka jioni, mngechimba shimo."

Kisha akatueleza, amesimama mlangoni, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu ndiyo yaliyotutawala mwaka mzima. Dagaa wa chumvi basi. Vichwa vya samaki basi. Jenerali ahamie kwenye chakula kikavu cha paka, kile kinachotengenezwa kwa wenye shida ya mkojo, na maji yawekwe kila pembe ya nyumba, kwa sababu chakula kikavu bila maji ni shida nyingine. Tororo hakikuwepo, kilipatikana katika duka la dawa za mifugo Busia, upande wa Kenya. "Msimbadilishie kwa siku moja," alisema. "Kidogo cha kipya ndani ya cha zamani. Kesho kidogo zaidi. Mpaka cha zamani kiishe bila yeye kujua." Mama akauliza akikataa itakuwaje. Daktari akavaa kofia yake ya pikipiki, akaivua tena. "Atakataa. Lakini msimwache na njaa mkidhani mnamfundisha adabu. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, ini linaharibika, na hapo mimi sina la kufanya." Mama alimtazama. "Kwa hivyo akikula nakufa, na asipokula nakufa." Daktari akavaa kofia tena.

Siku zile kuvuka Busia lilikuwa jambo la kawaida. Nilikwenda Jumamosi, nikavuka kwa miguu pamoja na akina mama wenye nyanya na vijana wa baiskeli, nikanunua mfuko wa chakula, nikanywa chai upande ule, nikarudi. Punje zilikuwa ndogo, za kahawia, na harufu yao ilikaa jikoni kama harufu ya ngozi iliyoloa. Sista alizila tangu siku ya kwanza, kwa adabu, kama mtu anayekula kwa wageni. Jenerali alitoa dagaa mmoja mmoja kwa midomo, kwa makini ya ajabu, akaacha punje zote chini ya bakuli, zimelambwa, zinang'aa. Tulipopunguza dagaa, akaacha kula kabisa. Alikaa ametugeuzia mgongo akitazama ukuta. Siku ile ya kwanza tuliona ni kiburi. Siku ya pili mama hakutengeneza chakula cha mchana. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akaponda punje kwa mchi, akazilowesha kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshiwa samaki mbichi bila chumvi, akachovya kidole, akampaka Jenerali mdomoni. Jenerali alijilamba, kwa sababu paka hawezi kukaa na mdomo mchafu. Akampaka tena. Hivyo ndivyo alivyomlisha, kidole kwa kidole, mpaka jua likahama upande wa pili wa mwamba. Siku zilizofuata aliponda kidogo na kulowesha kidogo, mpaka asubuhi moja nikiwa napiga mswaki uani nikasikia jikoni mlio wa punje kavu ikivunjwa kwa meno. Nilisimama na povu mdomoni. Mama alikuwa nyuma ya pazia, amenyanyua mkono kunizuia nisiseme kitu.

Sijui kama ninaweza kumweleza mtu ambaye hakuishi mwaka ule jinsi dunia ilivyofungwa. Walimu wadogo ninaofanya nao kazi sasa wanaukumbuka kama likizo ndefu. Redio ilisema ugonjwa mpya wa kifua unaenea, shule zifungwe, tukafunga tukidhani ni wiki chache. Ikasema magari ya abiria yasitembee, boda zisibebe mtu. Ikasema mpaka ufungwe, isipokuwa kwa malori ya mizigo. Mshahara wangu ulisimama. Mama Athieno alikuja uani akanikuta nimekaa kitandani mchana na viatu miguuni. "Leta godoro yako ndani," alisema. "Huku nyuma nakaa peke yako, nangoja nini?" Nikahamia chumba cha Owor, chenye kalenda ya zamani ya kampuni ya matairi na harufu ya mafuta ya mashine isiyoisha. Tulikula pamoja, ugali wa wimbi na mchuzi wa karanga, mboga za kwenye shamba dogo, na tulikula tukisikiliza redio ikitaja mikoa iliyofikiwa na ugonjwa. Kila siku, baada ya chakula, mama alinyanyua mfuko wa Jenerali kuupima uzito kwa mkono. Aliurudisha mahali pake na kuukunja mdomo kwa uangalifu mkubwa, kama vile kilichomo kingeweza kutoroka.

Wakati ule watu walihitaji mtu wa kumwogopa, na mtu huyo alikuwa dereva wa trela. Nilikuwa nachambua mboga karibu na ua wa michongoma niliposikia jirani wetu, Mama Adikini, akiongea na mwenzake upande wa pili. "Hao madereva ndio nailetea sisi," alisema. Mwenzake akauliza, kwani huyu mama wa hapa si ana mtoto dereva? "Ndiyo. Akija hapa, mimi napigia mwenyekiti." Niligeuka. Mama Athieno alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo wa karanga, amesikia yote. Aliketi akaendelea kubangua karanga.

Mfuko ukakaribia kuisha. Tulianza kumchanganyia Jenerali posho na yai, tukijua si sawa, na kabla wiki haijaisha nikamwona tena penye majivu, amechuchumaa, anasogea, anachuchumaa. Kilitoka kidogo. Daktari Obbo hakuwa na kibali cha kutembea upande wetu. Alitusikiliza kwenye simu, akasema tumpe maji kwa bomba la sindano, mengi, na tutafute kile chakula kwa njia yoyote. "Akiziba sasa," alisema, "sijui nitafikaje." Jioni hiyo Owor akapiga. Alikuwa Busia, upande wa Kenya, katika foleni ya malori isiyoonekana mwisho, wamepimwa wanangoja ruhusa. Mama hakumsalimu kwa urefu. "Duka ya dawa ya ng'ombe iko karibu na wewe?" aliuliza. Ilikuwa karibu. "Jenerali hana chakula." Nilikaa mbali, lakini nilimsikia Owor akisema haruhusiwi kusimama popote njiani. Mama akasema anajua. "Sawa, mama," alisema mwishoni. "Mwambie mwalimu angoje barabarani, kabla ya njia panda."

Nilingoja mchana, barakoa imelowa usoni, nimesimama chini ya nguzo ya umeme kama mtu aliyesahau anakokwenda. Kila gari la askari lilipopita nilijisogeza nyuma ya nguzo. Trela ya Owor ilikuja polepole, ikapunguza mwendo zaidi, na mlango wa abiria ukafunguka. Mfuko ukaanguka majanini. Nilisogea na Owor akanyoosha mkono, kiganja wazi. "Usikaribie, mwalimu." Alikuwa amekonda kuliko picha ya sebuleni. Akataka kusema jambo jingine, kikohozi kikamshika, kikavu, cha chini, akageuzia uso upande wa usukani. Kilipoisha alinitazama, na nikaona macho ya mtu anayeniogopea mimi. "Ni vumbi tu," alisema. "Majibu bado. Osha huo mfuko na sabuni. Mama asiushike." Halafu akaondoka, na mimi nikabaki na mfuko miguuni. Sijawahi kuogopa kitu kisicho na uhai jinsi nilivyouogopa mfuko ule. Ulikuwa na picha ya paka mweupe anayetabasamu. Niliubeba mbele yangu, mikono imenyooka, mpaka nyumbani.

Niliuosha bombani, nikauanika juu ya ukuta juani. Jenerali alinusa kutoka mlangoni, akaanza kuzunguka chini ya ukuta akilia, na mimi nikasimama kati yake na mfuko bila kujua jua linahitaji muda gani kuua kitu nisichokiona. Mama akatoka. "Mbona umeiweka juu?" Nikasema redio imesema tuoshe kila kinachotoka nje. Alinitazama vizuri, kisha akatazama barabara. "Owor nakohoa?" aliuliza. Niligeuza macho kwenye mfuko. "Mwalimu, mimi nilizaa huyo. Jana kwa simu alikuwa nasema maneno mafupi mafupi. Nakohoa?" Nikasema ndiyo. Aliingia ndani, akarudi na kisu cha jikoni, akauteremsha mfuko mwenyewe. Nikamshika mkono, nikamwambia ana sukari, aniachie mimi. "Wewe uko na mama yako Masafu nakungoja," alisema. "Simama huko." Akapasua mfuko, akamimina punje kwenye bakuli, na Jenerali akala huku akinguruma kama mtu anayegombana. Mama alinawa kwa sabuni mpaka mabegani. Maji yalipoisha kwenye karai akajaza tena.

Majibu yalitoka kesho yake, Owor akiwa ameshapita Tororo mbali. Watu wa afya walimfuata njiani, wakamtoa kwenye trela wakiwa na mavazi meupe, wakampeleka wodi ya kutengwa. Saa chache baadaye mwenyekiti wa mtaa alisimama langoni kwetu, leso mdomoni, akasema mtu ameiona trela ikipunguza mwendo, na kwamba tusitoke mpaka tuambiwe. Nyuma yake, kando ya barabara, watu walikuwa wamejipanga kimya. Sikuona hasira nyusoni mwao, na hilo lilinitisha zaidi. Walitutazama kama wanavyotazama jeneza likishushwa. Nilifikiri hakuna atakayetuchotea maji. Lakini asubuhi nilikuta dumu limejaa nje ya lango, na Mama Adikini anaondoka haraka haraka, kitenge kimefunika pua, bila kugeuka. Alifanya hivyo kila asubuhi, na hatukuwahi kuonana uso kwa uso.

Tukakaa ndani tukijisikiliza. Kila mwasho wa koo ulikuwa habari. Nikipiga chafya, mama alizima redio. Yeye akichelewa kutoka chumbani, nilisimama mlangoni kwake nikingoja kusikia kitanda kikilia. Owor alipiga simu kila adhuhuri kutoka wodini, na mazungumzo yao yalikuwa yaleyale. "Jenerali amekula?" "Amekula." "Amekojoa?" "Amekojoa vizuri. Maji nakunywa." "Basi, mama." Hakuna aliyemwuliza mwenzake anaendeleaje. Mwanzoni iliniudhi. Mtoto yuko hospitali, mama yuko karantini, nao wanaongelea mkojo wa paka. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba hawakuwa na swali jingine wanaloweza kubeba jibu lake. Sasa mimi mwenyewe nina watoto, na nikiwapigia nikiwa safarini huwauliza kama wamefunga kuku. Mume wangu hunicheka. Simwelezi.

Kisha adhuhuri moja simu haikulia. Mama aliiweka mapajani, akatengeneza chakula cha paka, akarudi, akaiweka tena mapajani. Siku iliyofuata haikulia pia. Tulipopiga, sauti ya mashine ilituambia hapatikani. Mama hakulia. Alipima chakula cha Jenerali kwa kikombe, akajaza maji kwenye bakuli zote, akafuta sakafu ambayo ilikuwa safi, na alipokosa cha kufuta alikaa mbele ya Jenerali akimtazama akila, punje kwa punje, kama mtu anayesoma. Muuguzi ndiye aliyepiga mwishowe. Alisema kwa upole kwamba Owor amewekewa oksijeni, kwamba wanamwangalia, kwamba tumwombee. Mama alimshukuru kwa Kiingereza kizuri cha ofisini, akakata simu, akabaki ameishika sikioni. Nilienda nikakaa sakafuni karibu na kiti chake, na tukakaa hivyo mpaka sebule ikaingia giza la jioni, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Owor aliporudi kwenye simu, baada ya siku ambazo siwezi kuzipanga vizuri kichwani, sauti yake ilikuwa imechanika. "Amekula?" aliuliza. "Amekula, mtoto wangu," mama alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita hivyo.

Walitufungulia kwanza sisi, vipimo havikuona kitu. Owor aliruhusiwa muda mrefu baadaye. Alishushwa na gari la serikali njia panda, akatembea mpaka nyumbani na mfuko wa nailoni mkononi, akipumzika kila penye kivuli. Watu walitoka milangoni, hawakumkaribia, ila mmoja mmoja alinyanyua mkono. Mama hakumkimbilia. Alisimama kibarazani akishika nguzo, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, na alipofika ngazini akamwuliza kama amekula. Alikuwa hajala. Mama akaingia jikoni akafunga mlango, hakutaka nimsaidie, na nilisikia sufuria zikigongana kuliko kawaida yake.

Tulikaa mezani watatu. Kulikuwa na ugali wa wimbi na kuku wa mchuzi wa karanga, kuku ambaye mama alikuwa amemchinja mwenyewe asubuhi. Nilitia tonge mdomoni nikaacha kutafuna. Hakukuwa na chumvi hata chembe; katika kuhangaika kwake alikuwa ameisahau kabisa. Nilinyanyua macho. Owor alikuwa anakula polepole, uso umetulia, na mama alikuwa bado hajagusa sahani yake, anamtazama. "Chumvi imetosha?" mama aliuliza.

"Imetosha, mama," Owor alisema. "Imekuja vizuri."

Mama akatia tonge lake mdomoni. Alitafuna mara moja, akaacha. Niliona akielewa kwamba Owor hakuhisi ladha yoyote, kwamba ule ugonjwa ulikuwa bado umekaa ndani ya mtoto wake, na kwamba hakuna mtu wa kumwuliza utatoka lini. Akameza. Kisha akavuta bakuli, akachagua paja la kuku, akaliweka kwenye sahani ya Owor, na sote tukaendelea kula.